Kwihara hadi Urambo kwa miguu: tulivyomaliza kilomita 100 watu wanne

Kila nilipofungua daftari la michango, swali lilikuwa lile lile: "Wanepali wanatuhusu nini sisi watu wa Tabora?"

Ilianza hivi. Rafiki yangu niliyesoma naye, ambaye sasa yuko Uingereza, aliingia kwenye timu ya Trailwalker, matembezi ya kilomita 100 kwenye vilima vya South Downs. Mnakuwa wanne, mnapewa saa 30, na mnakwenda pamoja mwanzo mwisho. Asili yake ni Hong Kong, mwaka 1981, zoezi la askari wa Kigurkha, yaani Wanepali wanaoandikishwa katika jeshi la Uingereza. Michango yake husaidia Gurkha Welfare Trust, mfuko ulioanzishwa mwaka 1969 kuwasaidia askari wastaafu wa Kigurkha huko kwao Nepal. Wako walioachishwa kabla ya kutimiza miaka 15 kazini, na chini ya hapo pensheni ya jeshi hawakupata. Rafiki akaniambia: sisi tutembee huku, nyinyi huko, hela tuziunganishe.

Nililieleza hili kijiweni kwenye kahawa. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alisikiliza hadi mwisho, akakitua kikombe. "Baba alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la huku Afrika Mashariki, akapelekwa vitani Burma. Hao Wagurkha wenye visu vilivyopinda alikuwa akitusimulia." Kweli kabisa: mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafukuza Wajapani kwenye Bonde la Kabaw, na Wagurkha walikuwa pamoja nao katika Jeshi la 14 la Uingereza. Kisha akaniuliza, "Na kwa baba yangu, nani alitembea?"

Sikumbishia, maana ni swali la haki. Hadi leo naona ana hoja kuliko mimi. Lakini akasema, "Haya, niandike shilingi mia kwa kilomita. Msipofika, sitoi." Ndivyo tulivyopata mtindo wa kuchangisha: mtu anaahidi kwa kilomita, na anayeahidi mia anajua akilipa sana ni elfu kumi. Watu walifunguka. Mtu akishaweka ahadi namna hiyo, naye anataka kuona mwisho wake.

Timu ilikuwa mwalimu wa sekondari, nesi, fundi cherehani na mimi. Njia tuliichagua kwa hesabu: Tabora hadi Ndono ni kilomita 42, Ndono hadi Urambo 52. Zilizopungua tukazipata kwa kuanzia Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye tembe alilokaa Livingstone, na pikipiki ilipopima ikatoka mia na kidogo. Mwalimu alifurahia sana kuanzia pale. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita huku na frasila mbili kichwani au begani, zaidi ya kilo 30, wakienda hadi pwani, akatukumbusha, na nyinyi mmebeba chupa ya maji. Barua tulipeleka polisi na kwa watendaji wa kata. Hilo lilikwisha bila shida.

Tuliondoka saa 11 alfajiri, kiangazi, baridi ya Tabora ile inayouma masikio. Sasa, siri ya kutembea kwa timu nitaisema wazi: anayekwenda taratibu atangulie. Kwetu alikuwa fundi, miguu mifupi na mwili wa kukaa. Akiwa nyuma anakimbizana na nyinyi, anachoka mara mbili, na kila mkisimama kumsubiri nyinyi mmepumzika, yeye anafika mnaondoka. Akiwa mbele, mwendo ni wake. Mwalimu alikereka, maana yeye ni mtu wa mbio, lakini hadi mchana alikuwa ameshakubali. Dakika 50 tunatembea, 10 tunakaa chini ya mti, viatu tumevua.

Chakula hatukununua vya paketi. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, karanga za kukaanga, asali kwenye kichupa, na maji yenye chumvi na sukari. Matobolwa yana ubishi mdomoni, unatafuna kilomita nzima, lakini nguvu yake inakaa. Kijana wa bodaboda alitutangulia na madumu ya maji, na kila kijiji akawa ameshatutangaza, kwa hiyo watoto walitupokea kwa kelele na wakubwa kwa maswali.

Ndono tulifika magharibi. Hapo nesi ndiye aliyeokoa safari. Alitukalisha kwenye benchi la mama ntilie, akawasha tochi ya simu, akaosha miguu ya kila mtu kwa sabuni. Malengelenge madogo hakuyagusa. La fundi, kubwa kisiginoni, alilitoboa pembeni kwa sindano mpya, akakamua maji, ngozi akaiacha juu ifunike, akafunga bandeji. Tukajipaka mafuta ya mgando katikati ya vidole, tukavaa soksi kavu. Fundi alisimama, akapiga hatua tatu, akasema twende.

Usiku sitausifu. Malori yanakuja na taa kali, unashuka kwenye vumbi, unapanda tena. Tulivaa vizibao vya kuakisi mwanga na kutembea upande wa kulia ili gari tulione linavyokuja. Mwalimu alianza kusinzia akitembea. Tukamshika mkono na kumlazimisha asimulie mpira wa Simba na Yanga, akachangamka kwa hasira.

Asubuhi tulipita mabani ya kukaushia tumbaku, hakuna aliyekuwa na neno la kusema. Urambo tuliingia saa nne na dakika kadhaa, wote wanne, na saa zetu 30 zilikuwa zinaisha saa tano.

Mzee alilipa siku ile ile, elfu kumi kwenye simu, na juu yake akaongeza elfu tano, na maelekezo kwamba hizo zisiende Nepal. Tulimnunulia sukari na unga mjane mmoja wa mtaani kwetu ambaye marehemu mume wake alipigana vita vya Kagera. Nyingine zote zilikwenda kwa rafiki yangu, naye akazijumlisha na za timu yake.

Mwalimu ameshaanza kuitazama barabara ya Nzega, kilomita 115. Nimemwambia safari hiyo mimi naendesha pikipiki ya maji.