Nilivyovijua Vituo vya Ubongo kwa Kichwa cha Mbuzi na Pumzi ya Ami Yangu

Wanafunzi wanaotutangulia chuoni wana ushauri mmoja wanaorithishana kuhusu vituo vya ubongo, yaani sehemu zinazoongoza kazi kama pumzi na joto la mwili: viimbe. Nilipoanza masomo ya utabibu hapa Malindi nilikabidhiwa karatasi iliyochakaa, yenye majina ya vituo yaliyopangwa kwa alfabeti, nikaambiwa kwamba anayeyaimba asubuhi na jioni hafeli. Mimi ni mtu wa Lamu niliyelelewa katika kasida na tenzi, na kuhifadhi maneno hakujapata kunishinda. Karatasi ile niliihifadhi upesi kuliko hata aliyenipa. Kisha katika jaribio la mdomo mwalimu akanieleza habari za mgonjwa aliyeanguka na pikipiki, ambaye huvuta pumzi ndefu ikakwama kifuani, akaitoa kwa ghafla, kisha akavuta nyingine kama ile. Ameumia wapi? Nikaimba. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu kwa adabu, akamwita mwenzangu.

Kasoro ya karatasi ile si kwamba majina yake yalikuwa ya uongo. Iliviweka pamoja vitu visivyokaa pamoja, na haikusema kitu kiko wapi wala kinasikiliza nini. Iliorodhesha viini vya ubongo bila kueleza kwamba kiini cha ubongo si kile kiini kimoja kinachobeba kromosomu ndani ya seli, bali ni kundi la maelfu ya seli za neva zilizosongamana mahali pamoja, na kwamba kundi la namna hiyo likiwa nje ya ubongo na uti wa mgongo huitwa gangilioni. Nodi ya sinoatria, yaani kundi la seli linaloanzisha mapigo ya moyo, ambayo watafiti Keith na Flack waliieleza mwaka 1907 na ambayo imo moyoni, nayo ilikuwa imetiwa humo humo katikati ya vituo vya kichwani.

Nikaamua kuuona ubongo wenyewe. Chuoni tulikuwa na kielelezo kimoja cha plastiki kilichogombewa na darasa zima, kwa hiyo nilikwenda bucha iliyo karibu na nyumba ya shangazi yangu, nikanunua kichwa cha mbuzi kwa shilingi mia tatu au mia nne hivi. Muuza nyama, kwa wema wake na kwa kuamini kwamba nakwenda kupika supu, alikipasua katikati kwa shoka kabla sijafungua mdomo. Ponsi, sehemu ya shina la ubongo iliyo juu ya medula, ilikuwa imesagika, na medula haikuwamo kabisa. Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo hakuna aliyeniambia: medula ndiyo sehemu ya ubongo inayotokea kwenye tundu kubwa la chini ya fuvu na kuungana na uti wa mgongo, na wachinjaji hutenganisha kichwa na shingo papo hapo. Anayetaka medula aombe kichwa pamoja na kipande cha shingo, na aombe mapema, kabla ya shoka kuinuliwa.

Safari iliyofuata nilimweleza muuza nyama ninachotafuta, naye akawa fundi kuliko nilivyotarajia. Alikata mfupa kwa msumeno, polepole, akizunguka juu ya macho na nyuma ya masikio, akaliondoa pande la juu bila kugusa kilichomo. Ubongo ulipoinuliwa, tezi ya pituitari ilibaki chini katika kishimo chake cha mfupa, jambo ambalo baadaye nilisoma kwamba ni la kawaida. Ubongo mbichi ni laini mno na huharibika mikononi, kwa hiyo niliutia katika spiriti ukae siku kadhaa ugangamae. Chombo nilichopata ni chupa kubwa ya achari ya ndimu, na rafu nilipoiweka ni ile ile ya achari. Shangazi aliifungua siku ya biriani. Kilichomtisha hakikuwa kile kilichokuwa kikielea ndani, kwa sababu hata hakukitazama. Kilichomtisha ni harufu ya pombe. Akaniita sebuleni kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu utotoni.

“Mwanangu, marehemu babako angelisema nini?”

Nilipomwonyesha kwamba ni ubongo wa mbuzi alishusha pumzi, akasema alhamdulillahi, akaniamuru nihamishie uchafu wangu kibandani uani. (Ushauri wake ulikuwa mzuri hata kitabibu, kwa maana mvuke wa spiriti haufai kuvutwa katika chumba kilichofungwa.)

Kibandani ndipo karatasi ya alfabeti ilipokufa. Ukiugeuza ubongo chini juu, utaziona neva mbili za macho zikikutana na kupishana. Nyuma kidogo ya makutano hayo na juu yake ndipo ilipo haipothalamasi, ambayo kwa binadamu ina uzito wa takribani gramu 4 tu, na viini vyake vimekaa upande huu na upande huu kama zidaka katika ukuta wa nyumba ya Lamu. Viini viwili vinavyoendesha saa ya mwili, ambavyo kwa jumla vina seli takribani 20,000, vimelala juu tu ya makutano ya neva za macho. Baada ya kupaona mahali hapo sikuhitaji tena wimbo, kwa sababu saa inayojirekebisha kwa mwanga ingekaa wapi pengine? Jirani yake kuna sehemu inayopima joto la mwili. Hii ilinieleza kitu nilichokiona kwetu tangu nikiwa mdogo, yaani mgonjwa wa malaria anayetetemeka kwa baridi huku mwili ukiunguza: kemikali zinazoitwa prostaglandini zimeinua kiwango ambacho kituo kinakihesabu kuwa sawa, na mwili unatetemeka ili ukifikie. Parasetamoli hukishusha tena kiwango hicho, ndipo jasho likatoka.

Kisha uinue serebelamu, ile sehemu ya nyuma yenye mikunjo myembamba, utazame sakafu ya ventrikali ya nne, yaani uwazi wenye majimaji ulio chini yake. Mwisho wake wa chini kuna eneo dogo liitwalo area postrema, ambapo kizuizi kati ya damu na ubongo kimelegezwa, na kwa hiyo linaonja sumu na dawa zilizomo damuni na kuamsha kutapika. Kichefuchefu cha mashua iendayo Kiwayu wakati wa kusi huja kwa njia nyingine, kutoka sikio la ndani. Wengi huyachanganya haya mawili.

Lakini nikiri kwamba kibandani sikuona kituo hata kimoja. Niliona nyama ya rangi ile ile isiyo na mpaka. Vituo havikugunduliwa kwa macho; vilijulikana kwa kuangalia ni kazi gani inayopotea mahali fulani pakikatwa. Legallois, tabibu wa Ufaransa, alionyesha kwa sungura mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba pumzi inategemea sehemu ndogo ya medula. Mwaka 1923 mtafiti Lumsden alilikata shina la ubongo wa paka katika ngazi mbalimbali: akikata juu ya ponsi, pumzi huendelea kwa utaratibu, akikata katikati ya ponsi, na neva za vagasi, zinazoleta habari za mapafu, nazo zikiwa zimekatwa, mnyama huvuta pumzi ndefu zinazokwama, akikata chini ya medula, pumzi husimama. Nilipofika hapo nilimkumbuka mgonjwa wa pikipiki, nikajiona mjinga na mwerevu kwa wakati mmoja.

Kilichobaki ni kujua kituo cha pumzi kinasikiliza nini, na hilo nililipata likizoni kwa ami yangu, ambaye huzamia kamba mawe huko Kizingitini na hajapata kutumia mtungi wa hewa maishani mwake.

“Ami, ukiwa chini, ni nini kinachokwambia upande?”

“Kwanza huja hamu ya kupumua, nami huipuuza. Kisha tumbo huanza kuruka lenyewe. Tumbo likianza kuruka, hata kamba niliyemshika humwacha.”

Vitabu vyangu havikuwa vimelisema vizuri zaidi ya hapo. Kinachomrusha tumbo ni hewa ya ukaa inayolundikana damuni na kuongeza asidi katika majimaji yanayouzunguka ubongo. Seli za medula huihisi asidi hiyo, na amri hushuka kupitia neva za shingo za 3, 4 na 5 hadi kwenye kiwambo, msuli wa pumzi ulio kati ya kifua na tumbo. Upungufu wa oksijeni una wasikilizaji wake shingoni, kando ya mishipa mikubwa ya damu, na kazi ya kuwachunguza ilimpatia mtafiti Heymans Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938, ila wao hawapigi kelele sana mpaka oksijeni iwe imeshuka mno. Ndiyo sababu kijana anayejipulizia haraka haraka kabla ya kuzama yuko hatarini: ameifukuza hewa ya ukaa, onyo linachelewa, na oksijeni inakwisha kabla tumbo halijaruka. Ami hajui kemia yoyote, lakini hamchukui katika mashua yake mtu anayefanya hivyo.

Nilimsimulia pia kwamba kundi la seli za medula linaloanzisha mdundo wa pumzi, lililotambuliwa mwaka 1991, linaitwa pre-Bötzinger kwa sababu jirani yake lilikuwa limepewa jina la mvinyo ulionywewa katika mkutano wa wanasayansi nchini Ujerumani. Ami alisema astaghfirullah, kisha akauliza kama jina linaweza kubadilishwa.

Katika mtihani wenyewe swali la pumzi inayokwama lilirudi kwa sura nyingine. Nilijibu kwamba jeraha liko katikati au chini ya ponsi, na kwamba sehemu ya juu ya ponsi iliyozoea kukatiza mvuto wa pumzi haisikiki tena, nikaongeza habari za paka wa Lumsden bila kuulizwa. Mwalimu hakutabasamu safari hii, aliandika.

Karatasi ya kuimba sikuitupa, na hilo huwashangaza wenzangu. Upande wake wa nyuma una vituo vya kugeuka mfupa, yaani mahali ambapo gegedu laini huanza kuwa mfupa, katika kiwiko cha mtoto, ambavyo huonekana katika eksirei kwa zamu, takribani katika umri wa mwaka 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Hivyo naviimba, tena kwa sauti, kwa sababu huko mpangilio wa wimbo ndio mpangilio wa mwili wenyewe, na hakuna mbuzi wa bucha atakayenionyesha.