Kupiga Chafya Katika Mwezi wa Saba wa Ujauzito

Miongoni mwa mambo ambayo wajawazito huulizana kwa sauti ya chini, na mara nyingi hawamwulizi mkunga kabisa, ni hili la mkojo kutoka bila kukusudia. Kwangu lilianza katika mwezi wa saba. Nilikuwa nimesimama nikikunja nguo, chafya ikanijia, na kabla sijaimaliza nikahisi chupi imelowa. Haukuwa mkojo mwingi, ni matone tu, lakini tangu siku hiyo nilianza kuogopa kikohozi, kicheko na ngazi.

Sababu yake haina aibu yoyote ndani yake. Chini ya nyonga kuna tabaka la misuli lililotandazwa kutoka mfupa wa kinena hadi kwenye kifandugu, nalo ndilo linalobeba kibofu, mji wa mimba na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, pamoja na kusaidia kufunga njia ya mkojo na ya haja kubwa. Katika ujauzito, tabaka hilo huwa mfano wa kitanda cha kamba kinacholemewa na mzigo unaoongezeka kila wiki, huku homoni kama progesteroni na rilaksini zikizilegeza kamba zenyewe. Unapopiga chafya, shinikizo la tumbo hupanda kwa ghafla na kukisukuma kibofu, na misuli isipowahi kubana, mkojo hutoka. Waliokwisha kuzaa kwa njia ya kawaida, wenye kikohozi cha muda mrefu na wenye choo kigumu huwa katika hatari zaidi. Wapo pia ambao tatizo lao si chafya, bali haja ndogo inayowabana ghafla kiasi kwamba hawawahi kufika chooni.

Ushauri wa kwanza ninaousikia ukitolewa ni kupunguza maji, nao, kwa maoni yangu, ndio ushauri mbaya kuliko wote. Mjamzito anayejinyima maji hupata mkojo mzito unaokichokoza kibofu, choo chake huwa kigumu, na kule kujikamua chooni kunaichosha misuli ileile anayotaka kuiokoa. Kinachofaa kupunguzwa ni kafeini, ambayo hukichokoza kibofu na ambayo mjamzito anashauriwa asizidishe miligramu 200 kwa siku, akikumbuka kwamba haimo kwenye kahawa peke yake, imo pia kwenye chai na soda za kola. Kwenda chooni kila baada ya dakika chache kwa kujihami nako hakusaidii, kwa kuwa kibofu huzoea kudai haja kikiwa na mkojo kidogo tu.

Kazi yenyewe iko kwenye misuli. Mazoezi yake yamebeba jina la Arnold Kegel, daktari Mmarekani wa magonjwa ya wanawake aliyeyaeleza katika maandishi yake ya mwaka 1948. Maelezo huonekana mepesi yakisomwa, ila kuipata misuli sahihi kunahitaji utulivu. Mimi nilijifunza nikiwa nimelala kwa ubavu, mto katikati ya magoti: nilikaza kana kwamba nazuia upepo usitoke nyuma, kisha nikaendeleza kule kukaza kuelekea mbele kana kwamba nazuia mkojo, hadi nikahisi kitu kikinyanyuka kwa ndani. Makalio na mapaja hayapaswi kushiriki, wala pumzi haizuiwi. Kuna mbano wa taratibu, unaoushikilia kwa sekunde chache na kuongeza kidogo kidogo hadi kufikia 10, na kuna mbano wa haraka wa kubana na kuachia papo hapo. Mwongozo wa Uingereza unaotolewa na NICE, taasisi inayoandaa miongozo ya tiba nchini humo, unataja angalau mibano 8, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3, kwa hiyo anayetarajia mabadiliko ndani ya wiki moja atakata tamaa bure. Usiufanye mkatizo wa mkojo chooni kuwa zoezi la kila siku, kwa sababu kibofu kinaweza kubaki na mkojo.

Kuachia ni nusu ya zoezi, na ndiyo nusu inayosahauliwa. Misuli iliyokazwa muda wote huchoka, na siku ya kujifungua itatakiwa ilegee ili mtoto apite.

Faida niliyoiona mapema zaidi ilitokana na kubana kabla ya tukio lenyewe. Pua ikianza kuwasha, nabana kwanza, ndipo napiga chafya. Vivyo hivyo kabla ya kunyanyua kitu au kuinuka kitini. Kwa matembezi marefu nilivaa pedi zilizotengenezwa kwa ajili ya mkojo, kwa kuwa zile za hedhi hazinyonyi haraka kiasi hicho na huiacha ngozi ikiwa na unyevu.

Si kila unyevu ni mkojo, hata hivyo. Maji ya uzazi kwa kawaida hayana harufu ya mkojo, huwa hayana rangi au yana rangi hafifu, na huendelea kuchuruzika hata ukibana. Ukiwa na shaka, maliza haja ndogo, vaa pedi safi, na ikiendelea kulowa nenda hospitali. Yakiwa ya kijani, ya kahawia au yenye damu, usisubiri lolote. Maumivu wakati wa kukojoa, homa, au maumivu ya kiuno upande mmoja huashiria maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo katika ujauzito hutibiwa mapema kwa kuwa yanaweza kupanda hadi kwenye figo na kuchochea uchungu kabla ya wakati.

Baada ya kujifungua, mazoezi yanaweza kuanza tena kwa upole mara tu unapojisikia nafuu, na ukiwa umewekewa mpira wa mkojo, baada ya kutolewa na kukojoa kawaida. Ikifika miezi 3 na mkojo bado unakutoka, omba kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia anayeshughulikia nyonga. Yeye atakupima na kukuambia kama kweli unabana na kunyanyua, au unasukuma chini ukidhani unabana, jambo linalowatokea wengi na lisiloonekana kwa nje.