Mahameli ya Mama

Jumamosi nilipita kwa mama Kibuye kuomba vipande vya mahameli, na tangu siku hiyo swali lake moja halinitoki kichwani. Wiki yenyewe ilikuwa nzito, maana tulimzika mjomba Ugunja na siku mbili baadaye nikakabidhiwa maabara nzima ya mafunzo pale chuoni, lakini kinachoniamsha usiku ni swali hilo.

Mama alikuwa akishona kola za majoho ya kwaya. Nilimweleza kwamba wanafunzi wangu wataitakasa mahameli kwa mvuke, waifunge juu ya kigogo cha mviringo, waikandamize juu ya sahani iliyoota makoloni, yaani vichuguu vidogo vya bakteria, kisha waigandamize vivyo hivyo kwenye sahani ya pili yenye dawa, ili kila koloni liangukie mahali palepale lilipokuwa katika sahani ya kwanza. Nikamalizia kwa kiburi cha mwalimu: "Ni mbinu ya Lederberg, mama, yule bwana aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1958."

Alipitisha kiganja juu ya kitambaa, kwanza akifuata manyoya yanakolala, kisha kinyume chake.

"Huyo bwana hakuwa na mke?"

"Sijui, mama."

Akarudi kwenye cherehani yake. Nimejiuliza mara nyingi kama alikuwa akinitania, au kama alikuwa akisema habari zake mwenyewe, kwa kuwa kibao cha duka bado kina jina la marehemu baba, ambaye hakuwahi kukanyaga cherehani hata siku moja. "Huyo bwana hakuwa na mke?" Sauti yake haikuwa na ukali wowote, na nadhani ndiyo sababu imenichoma.

Jibu halikuwa limefichwa. Makala ya mwaka 1952 iliyoeleza mbinu hiyo ina majina mawili, Joshua na Esther Lederberg. Kwa miaka kumi na mmoja nimefundisha somo hili nikitaja jina moja tu, mimi niliyewahi kununa wiki nzima jina langu lilipoachwa kwenye ripoti ya idara. Isitoshe nilikuwa nikichanganya mambo, kwani Joshua alituzwa kwa ugunduzi wake kuhusu jinsi bakteria wanavyochanganya urithi wao, wala si kwa mahameli.

Nilianza kusoma kwa aibu, na kufikia saa saba za usiku aibu imegeuka furaha. Esther alizaliwa Bronx mwaka 1922, na baba yake alikuwa mchapaji. Sina haja ya kuambiwa zaidi: sahani ya kwanza ni herufi zilizopangwa, mahameli ndiyo inayobeba wino, na sahani ya pili ni karatasi. Kwa chapa hiyo walionyesha kwamba bakteria sugu kwa dawa ya streptomaisini walikuwamo katika sahani ya kwanza, ambayo haikuwa imeguswa na dawa kabisa. Dawa haiwafundishi bakteria usugu. Inawaua wanyonge na kuwaachia uwanja wale waliokuwa sugu tangu mwanzo. Hilo nimelieleza kwa michoro miaka yote, ilhali kipande cha kola ya kwaya kinalieleza vizuri zaidi.

Kabla ya hapo, akiwa Wisconsin, Esther alikuwa amegundua kirusi kiitwacho lambda, ambacho huingia ndani ya bakteria na kulala katika urithi wake, kikarithishwa kizazi hata kizazi, hadi siku kinapoamka na kumpasua mwenyeji wake. Kirusi hicho kiliwafunza watafiti wengi namna jeni zinavyowashwa na kuzimwa, na baadaye kikawa chombo cha kubebea jeni maabarani. Aliyekigundua hakupewa uprofesa wa kudumu katika Chuo Kikuu cha Stanford, ingawa alisimamia kituo cha kumbukumbu za plasmidi, vile vipete vidogo vya DNA vya bakteria, huko kuanzia 1976 hadi 1986.

Jana nilirudi Kibuye kumpa mama jibu lake. "Alikuwa na mke, na kitambaa kilikuwa cha wote wawili." Akasema, "Eeh," kana kwamba nimemwambia bei ya sukari, kisha akaninyoshea sindano na uzi nimtungie. Mama hajawahi kuomba kutungiwa uzi na mtu yeyote. Nilipoitazama sindano ile, ilikuwa ya tundu kubwa, ile ya kushonea magunia.