Kofia ya Guka

Guka, babu yangu, hakuwa mtu wa marvini, zile kofia za kufuma za kubana kichwa. Alisema ni za watoto wa shule na makanga wa matatu. Na huku Kinangop, nyanda za juu za Kenya, mita 2,500 hivi juu ya bahari, Julai si mwezi wa mzee kutembea kichwa wazi. Kofia yake ya felti, yaani sufu iliyosuguliwa ikashikana kama kitambaa, ilikuwa imeliwa na nondo hadi ukiiinua juani unaona mwanga, na mpya ya kununua Nairobi ilikuwa karibu na bei ya mbuzi. Ndipo, Julai ya 2018, nikamwambia nitamtengenezea moja kwa manyoya ya kondoo wake mwenyewe.

Alicheka. Si kwamba hakuwajua kondoo. Akiwa kijana alikata manyoya kwenye shamba la mzungu, na alipopata ploti yake mashamba yalipogawanywa miaka ya 1960, mifugo yake ya kwanza ilikuwa kondoo. Lakini sufu ilikuwa imekosa bei ya maana, naye akishakata aliirundika nyuma ya zizi. Nyingine alimtandikia mbwa.

Nilijaza gunia nikaenda nalo Njabini kwa mama mmoja anayesokota sufu. Alitia mkono, akavuta kitita, akakilowesha kwa maji ya sabuni na kukisugua katikati ya viganja. Kikawa kigololi kigumu. Akavuta kingine, akasugua hata zaidi, akafungua kiganja: manyoya yakafumuka yakarudi vilevile.

“Hii ya kwanza ni ya Corriedale,” akasema. “Hii nyingine ni ya wale wa uso mweusi, Hampshire. Haishikani. Jazia mto, mami.”

Sufu ya Corriedale, kondoo waliozalishwa New Zealand kwa kuchanganya Merino na Lincoln, si kila mtu ataivumilia shingoni. Ile ya Guka hasa ilikuwa nene, ya kuwasha. Kwa kofia sikuona ubaya wowote: ukingo unasimama wenyewe, na nilijua Guka hangeniletea malalamiko ya kuwashwa.

Kuosha kulikuwa kazi ya subira. Maji yawe moto kiasi cha kuyeyusha mafuta ya manyoya, halafu usikoroge. Unazamisha, unaacha, unainua. Ukikoroga inaanza kushikana ndani ya beseni. Baada ya kuanika, nikachana kwa brashi mbili za meno ya chuma za yule mama mpaka kinyesi kikavu na mbegu za magugu zikadondoka.

Kichwa cha Guka kilikuwa na mzunguko wa sentimita 58, kwa hiyo nusu yake 29. Nilikata plastiki ya gunia la mbolea umbo la kengele, upana wa sentimita 40, maana sufu itanywea. Juu yake nikatandaza manyoya kidogo kidogo, tabaka moja likielekea juu na linalofuata likikatiza, kisha nikafunika kwa pazia jepesi la dirishani na kunyunyiza maji ya moto yenye sabuni ya kipande iliyokwanguliwa. Mwanzoni unapapasa tu, bila kukandamiza. Kingo zilizozidi unazikunjia upande wa pili, unageuza, unatandaza tena. Kila unyoya una magamba madogo. Joto na sabuni huyalegeza, msuguano huyafanya yakamatane, na hakuna kurudi nyuma. Aliyewahi kufua sweta ya sufu kwa maji ya moto akaitoa ikimtosha mtoto anajua.

Sufu nene ni ya ukaidi. Nilibiringisha kwenye mkeka nikizungushia mpini wa jembe, nikabadilisha upande, nikabiringisha tena, na bado ukiifinya ngozi ya juu inainuka peke yake. Ilipoacha kuinuka nikakata chini, nikachomoa plastiki, nikapata mfuko mkubwa wenye manyoya kila mahali. Shosho, bibi yangu, aliuchungulia akauliza kama hiyo ni ya kichwa au ya kukamulia asali.

Guka alikuwa kwenye stuli yake akijifanya haangalii. Nikampa simu aone picha za wazee wa Kirgizistani na kofia zao ndefu nyeupe za felti, ak-kalpak, ambazo ustadi wake UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi mwaka uliofuata.

“Hao ni wafugaji,” akasema baada ya kuzitazama sana. “Lete hiyo kitu.”

Akaitumbukiza kwenye maji ya moto, akaikamua, akaanza kuipiga kwenye jiwe la kufulia. Paa! Paa! Ana mikono ya mtu aliyemlaza kondoo dume chini kwa miaka mingi. Kila kipigo ilipungua, ikawa nzito, mikunjo ikatokea. Tukaigeuza, tukaisuuza siki kidogo kuondoa sabuni, kisha tukaivutia juu ya sufuria iliyolingana na kichwa chake, tukafunga kamba pale utepe unapokaa na kukunjua ukingo. Ilikauka karibu na jiko, ikinuka zizi nyumba nzima.

Rangi yake ilikuwa ya maziwa yaliyoingia moshi, na nywele ngumu zilichomoza kwenye ukingo. Guka alitaka nizinyoe kwa wembe. Nilinyoa za mbele tu, za nyuma nikaziacha kwa uvivu. Asubuhi akaivaa kupeleka maziwa. Manyunyu yalisimama juu yake kama shanga, hayakuingia.

Kabla ya saa sita mzee jirani akaja kuuliza bei. Nikasema shilingi 1,500. Akatoa 300, debe la viazi na kabeji mbili, akaongeza kwamba manyoya ya kondoo wake ni ya bure nikiyataka. Kabeji nilikataa, tulikuwa nazo. Viazi nilichukua, pesa nikazichukua, na kabla hajafika getini Guka akamwita arudi apimwe kichwa.