Kitufe kinachojibu kidole, bila mota

Shangazi yangu wa Tukuyu hasikii vizuri. Akibonyeza kengele ya kuwaita wajukuu nyumba ya uani, hajui kama imelia, anabonyeza mpaka kidole kinauma. Nimemtengenezea kitufe kinachotikisika akikibonyeza. Siku ya kwanza alipaza sauti: "Baba, kimenijibu!"

Mafundi wenzangu pale Mwanjelwa, Mbeya, karibu wote waling'ang'ania niweke mota ya vaibreta ya simu. Ushauri wa kumaliza betri! Mota ile inakula miliampea 80 hivi, na mimi nilitaka betri mbili za rimoti zidumu. Nikachukua visahani vya piezo, vile vyembamba vya rangi ya dhahabu vilivyomo kwenye kengele za mlango na kadi zinazoimba. Bei yake ni ya soda, na kwenye vifaa vibovu unavipata bure. Ukivikunja vinatoa umeme, jambo ambalo ndugu Jacques na Pierre Curie waliligundua kwenye fuwele mwaka 1880. Ukivipa umeme, vinajikunja vyenyewe. Basi kimoja kinasikiliza, cha pili kinajibu, nimevigandisha mgongo kwa mgongo.

Fundi mmoja mkongwe akashikilia vikae bapa juu ya ubao wa mninga kwa supagluu. Akavigandisha kwa mkono wake. Tukabonyeza, tukagonga, akaja na kijana wake naye akagonga: kimya. Kilichogandishwa kwenye mninga kitakunjikia wapi? Nikachukua visahani vingine, nikakata pete kutoka tyubu ya baiskeli, vikakaa kwa ukingo tu, katikati hewa. Nikaunga taa ndogo ya LED, nikagonga kwa ukucha. Ikawaka, na betri hakuna! Mzee akanyamaza.

Chipu, yaani kompyuta ndogo inayoongoza kitufe, inalala muda wote, mshtuko wa kisahani ndio unaoiamsha. Usisahau rezista (kizuizi cha umeme) ya megaomu 1 sambamba na kisahani, na dayodi (zinazopitisha umeme upande mmoja tu) za kulinda mguu wa chipu, maana pigo la nguvu linafyatua makumi ya volti. Ikiamka, koili ndogo inapandisha volti za betri, kisahani cha pili kinachajiwa na kuachiwa ghafla, mara 250 hivi kwa sekunde. Hapo ndipo ngozi inahisi vizuri. Ukienda kilohezi 4, yaani mara 4,000 kwa sekunde, unapata kelele tu.

Unapounga waya kwa risasi ya kuchomelea, choma haraka, kauri ya kisahani ikiungua inapoteza nguvu. Na kwa mvua za Rungwe, huko kwa shangazi, paka rangi ya kucha kwenye maungio yote, la sivyo unyevu unavujisha chaji kabla chipu haijaamka.