Kilomita ya 51

Dada yangu mkubwa alichora njia ile ya baiskeli kwa wiki mbili. Kila jioni alifungua ramani ya setilaiti kwenye simu yake, akaikuza mpaka miti ikaonekana mmoja mmoja, akiutafuta ule mstari mwembamba wa rangi ya udongo unaopotelea msituni na kutokea upande wa pili. Mwishowe akapata kilomita 78: mashamba kwanza, kisha msitu, kisha kando ya mto mpaka darajani, halafu nyumbani. Lami ilikuwa kilomita 6 tu. "Hizo sita nimeshindwa kuzikwepa," aliniambia, kana kwamba ananiomba radhi.

Mimi nilikuwa mtu wa lami. Kwa miaka saba nilikuwa nimeendesha baiskeli ya mbio, matairi ya milimita 25, upepo umejaa mpaka tairi halibonyei, macho yangu mgongoni mwa aliye mbele. Baiskeli ya changarawe nilikuwa nayo kwa miezi minane na sikuwa nimeitoa nje ya lami hata siku moja. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni ile ile ya mbio, kwa sababu usukani umepinda chini vile vile. Lakini fremu yake ina nafasi ya tairi pana. Yangu yalikuwa ya milimita 40. Gurudumu la mbele limesogezwa mbele kidogo ili baiskeli itulie kwenye mteremko, na gia zake ni nyepesi, maana mlima wa kokoto huwezi kuupanda kwa kusimama na kukanyaga kwa hasira. Gurudumu la nyuma litazunguka pale pale. Tena matairi hayana tyubu. Ndani humiminwa dawa iliyotengenezwa kwa utomvu wa mpira. Mwiba ukitoboa, dawa hukimbilia tunduni na kuganda, nawe unaendelea na safari bila hata kujua.

Siku ya safari dada alilibonyeza tairi langu kwa kidole gumba.

"Umejaza ngapi?"

"Paundi 60, dada."

Alipiga magoti, akafungua valvu, upepo ukatoka ukilia. Nilisimama pale nikiumia moyo. Alipomaliza kupima, mbele kulikuwa na 32 na nyuma 35. "Mdogo wangu, huku tairi ndilo springi yako. Ukilikaza hivyo, kila kokoto itakurusha, na tairi likiwa hewani halishiki kitu."

Kwenye zile kilomita za lami nilihisi naburuta gunia, nikanyamaza kwa heshima tu. Kisha tukaingia njia ya mashambani, na nikaelewa kabla hatujafika mita mia. Changarawe ilikuwa ikinguruma chini yangu, lakini ngurumo ile ilikuwa ya sikioni, haikufika mabegani. Kulikuwa na sehemu ndefu yenye vijituta vilivyopangana kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Wanafizikia waliwahi kuvitengeneza vijituta vya aina hiyo maabara kwa kuzungusha gurudumu juu ya mchanga, wakakuta kwamba vinajijenga vyenyewe gurudumu likipita mwendo fulani, hata kama halina springi. Ndiyo maana greda likipita leo, baada ya muda vimerudi. Dada alivipita kwa kutafuta ukanda mwembamba wa pembezoni ambako magari hayakanyagi. Nikamfuata huko huko, gurudumu langu nyuma ya lake.

Msitu ndio nilioukumbuka zaidi baadaye, ingawa tulikaa humo saa moja na robo tu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Majani makavu ya juu yalikuwa yamelala juu ya majani mabichi, na chini ya yote hayo kulikuwa na mizizi iliyolowa, myeusi, inayong'aa. Mara ya kwanza niliuona mzizi, nikaukazia macho, nikaupanda kwa ubavu, nikaanguka kwenye vichaka. Dada alirudi kwa miguu. Hakucheka wala hakunipa pole nyingi. Aliniuliza: "Ulikuwa unatazama wapi?"

"Mzizi."

"Basi ndiko ulikokwenda. Tazama pengo, si mzizi."

Akanionyesha tena: pedali mbili zilale usawa mmoja, makalio yainuke kidogo kwenye kiti, magoti na viwiko vilegee, vidole viwili tu juu ya breki, na mikono ishike usukani kama unavyomshika mtoto mkono mkivuka barabara. Mzizi uukate kwa kuukabili, usiuende sambamba. Breki ufunge kabla ya kona, si ndani yake. Mambo hayo yote nilikuwa nimeyasoma, lakini mwili wangu ulikuwa haujayasikia. Nilishuka ule mteremko nikitazama mapengo, na kwa mara ya kwanza baiskeli ikacheza chini yangu kushoto na kulia bila mimi kuogopa. Nilitoka msituni nikiwa nimelowa matope mpaka kifuani na nina furaha ambayo lami haikuwahi kunipa.

Njia ya mto ilikuwa nyembamba na tambarare, maji ya kahawia upande wa kulia, matete upande wa kushoto. Hapo niliongeza mwendo. Kilomita ya 51 nilisikia mlio kama wa kitambaa kuchanika, kisha upepo ukatoka wote kwa pamoja.

Jiwe lilikuwa limechana ubavu wa tairi la nyuma. Dada, anayefuatilia mbio za baiskeli za changarawe, alikuwa ameniambia habari za Flint Hills huko Kansas, ambako tangu mwaka 2006 watu hushindana umbali wa maili 200 juu ya mawe ya gumegume, na mbavu za matairi hukatwa kila mwaka. Sikudhani jiwe moja tu la kando ya mto lingetosha. Tulipolifungua tairi hatukukuta dawa. Kulikuwa na utando mkavu na kidonge kimoja cha mpira kikibingirika ndani. Dawa hukauka kwa miezi michache, nami tangu ninunue baiskeli sikuwa nimeiongeza hata tone.

"Tutatia tyubu," dada akasema. Lakini ili tyubu iingie, lazima kwanza valvu ya zamani itoke, na nati yake nilikuwa nimeikaza kwa koleo nyumbani. Koleo sasa hatukuwa nalo. Tulijaribu vidole mpaka ngozi ikachubuka. Tulizungushia kipande cha mpira ili ishike, ikateleza. Mwanga ulianza kupungua. Nilitaka kulia, si kwa sababu ya tairi, bali kwa zile wiki mbili za ramani.

Dada ndiye aliyewaza. Valvu ina kiguu cha mpira ndani ya rimu, na nati hukaza kwa kukivuta kile kiguu. "Kibonyeze kwa gumba kielekee katikati ya gurudumu. Nguvu zako zote. Usiache." Nikabonyeza mpaka mkono ukatetemeka. Mpira ulibonyea kidogo, nati ikapumua, naye akaizungusha kwa kile kipande cha mpira, robo, nusu, ikaachia.

Mfukoni alikuwa na kipande cha tairi kuukuu alichokikata mahsusi. Akakiweka ndani, juu ya jeraha, tyubu ikaegemea hapo. Safari hii alijaza paundi 45, kwa sababu tyubu ikibanwa kati ya rimu na jiwe hutoboka matundu mawili.

Zilibaki kilomita 27 na taa moja, yake. Akaniambia nitangulie, yeye atamulika kutoka nyuma. Tulipoanza, kivuli changu kilianguka mbele yangu na kuifunika njia yote. Sikuona mzizi wala shimo. Sikusema kitu. Baada ya muda kivuli kikasogea pembeni, njia ikawa nyeupe mbele yangu. Niligeuka. Dada alikuwa ameiacha njia, anaendesha kwenye nyasi ndefu za ukingoni, ili mwanga upite ubavuni mwangu.

Tulikwenda hivyo mpaka darajani. Kila mzunguko nilihisi kile kiraka kikigusa ardhi, na kushoto nyasi zikikwaruza spoku zake.