Siku moja maishani mwangu: nafundisha pikipiki Malindi, na naanza na miguu

Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha pikipiki. Wengi wanaonijia hapa Malindi wanataka kuingia kazi ya boda. Wachache wana pikipiki ya kwendea kazini au shambani. Wote wakifika, akili iko mikononi: klachi ipi, breki ipi, moto, yaani mafuta ya injini, unavutwaje. Mimi nawaanzia miguuni. Jumatano yangu ilikwenda hivi.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Nikishaswali naikagua pikipiki kabla ya chai. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi inakula cheni na waya wa klachi upesi kuliko huko bara, kwa hivyo mafuta ya cheni hayakosi kwangu. Naangalia upepo wa matairi, naminya breki ya mbele, nakanyaga ya nyuma nione kama taa nyekundu inawaka. Mwisho naikunja stendi ya pembeni na kuitikisa. Springi yake ikilegea, stendi hushuka yenyewe njiani, na ukilala kona ya kushoto inagota kwenye lami na kukutupa. Pikipiki yenye stendi legevu haitoki uani kwangu. Chai, mahamri kwa mbaazi, twende.

Saa moja asubuhi

Uwanja tunaofundishia uko upande wa Barani, mchanga mgumu na majani makavu. Kijana wa Kakuyuni amenitangulia. Mjomba wake amempatia mtu wa kumkodishia pikipiki, na Jumatatu anatakiwa awe steji.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Panda, lakini usiwashe."

Pikipiki iko juu ya stendi kubwa, injini kimya. Nachuchumaa ubavuni na kumshika kiatu. Kama wanaoanza karibu wote, amekanyaga kwa kisigino, na vidole vimetazama nje. Goti nalo limeachana na tanki. Namwambia ashike usukani kama anayeendesha, kisha namsukuma mgongoni kidogo. Mwili mzima unakwenda mbele, uzito unaangukia viganjani, na mkono wa kulia umeshavuta moto bila mwenyewe kujua.

"Injini ingekuwa inawaka, ungekuwa wapi sasa?"

Anatazama mkono wake, hajibu.

Namrekebisha kwa mikono yangu. Unyayo wa mbele, pale nyuma ya vidole, ndio unaokaa juu ya kikanyagio, kile chuma chenye mpira. Vidole vitazame mbele, vifuate ubavu wa injini. Mguu ukikaa hivyo goti linarudi lenyewe kwenye tanki, mapaja yanabana kidogo, mgongo unajishika. Namsukuma tena. Safari hii mapaja yamemzuia na mikono imebaki laini. Anacheka kwa furaha, kwa sababu amelisikia jambo mwilini mwake.

Hili nalisimamia mbele ya yeyote: makosa mengi tunayoyaita ya mkono yanaanzia mguuni. Mguu usipobeba mwili, mkono unaubeba. Na mkono uliobeba mwili hauwezi kuachia klachi taratibu wala kuminya breki kwa kipimo. Unavuta na kushtua tu. Mwanafunzi anagombezwa "achia klachi polepole!" asubuhi kutwa, na shida yake iko chini kabisa, kwenye kisigino.

Upo mkao wa pili, wa mjini. Pale penye watu na tuktuk, mguu wa kulia unasogea mbele kidogo, kikanyagio kinakaa katikati ya unyayo na vidole vinakuwa juu ya pedeli ya breki bila kuikanyaga. Hilo la kutokanyaga ni muhimu. Anayelaza mguu juu ya pedeli anaendesha breki ikiwa imeshikwa kidogo: breki inapata moto na kulika, na taa ya nyuma inawaka wakati wote, kwa hivyo ukifunga breki kweli aliye nyuma yako hana habari. Mguu wa kushoto vivyo hivyo, ukishabadilisha gia toa vidole kwenye pedeli ya gia. Vikibaki pale, shimo moja tu linatosha kukuingizia gia usiyoitaka.

Saa mbili na nusu

Sasa tunawasha. Klachi inaanza kushika, pikipiki inasogea, na kijana anaiacha miguu yote miwili ikiburuzika mchangani, anaona ikianguka ataidaka. Pikipiki hizi za boda zina zaidi ya kilo mia. Ikishaanza kulala huku inakwenda, mguu wa mtu hauizuii. Mguu ulioburuzwa unakutana na jiwe au kisiki, unavutwa nyuma, unanaswa na kikanyagio cha abiria, na hapo ndipo vifundo vinapovunjika. Zaidi ya hayo, mguu wa kulia ukiwa hewani hauna breki.

Dawa yake ni zoezi moja tunalolirudia mpaka jua linapanda. Anaanzia kwenye ukuta, na miguu iwe imepanda kabla hajafika kwenye mwarobaini wa kwanza. Macho yawe kwenye mwarobaini wa mwisho. Akitazama gurudumu la mbele anayumba, akitazama mbali pikipiki inanyooka. Akizoea, tunakwenda polepole sana kwa klachi nusu na breki ya nyuma kidogo, kwa sababu breki ya nyuma ndiyo inayoituliza pikipiki ikiwa taratibu. Ukiigusa ya mbele kwa mwendo huo usukani ukiwa umekunjwa, unakwenda chini.

Saa nne

Mwalimu wa shule ya msingi amefika, dada mmoja mwenye utulivu. Anataka kujiendesha mpaka Ganda kufundisha, amechoka kungojea wenye magari. Amekuja na buibui na viatu vya wazi. Namweleza kwa heshima kwamba kitambaa kirefu na gurudumu haviwezi kukaa pamoja. Ncha ya buibui au leso ikiingia kwenye spoki au kwenye cheni inajizungusha kabla hujapiga kelele, na kinachovutwa chini ni wewe. Hili limewaumiza akina mama wengi hapa pwani, hasa wanaopakiwa ubavu. Tumekubaliana avae suruali pana ndani, kanzu fupi juu, na buibui likunjwe ndani ya mkoba mpaka afike shuleni. Hakuona tabu.

Viatu ndivyo vilivyotuchelewesha. Ndara haina kisigino, kwa hivyo mguu unateleza mbele kwenye kikanyagio, na kamba yake inaweza kunasa kwenye pedeli ya gia. Kifundo kiko wazi, na ekzosi upande wa kulia imeshika moto. Angalia shavu la mguu wa kulia la watu wanaopanda boda: lile kovu la mviringo linalong'aa ni la ekzosi. Ndiyo maana abiria namfundisha apandie kushoto, pasipo na bomba. Nilikuwa na buti za ziada, zikamkaa.

Ana jambo zuri ambalo vijana hawana: hana haraka. Kabla ya saa tano alikuwa anapanda gia mbili na kusimama bila kuzima.

Saa sita na nusu

Jua ni kali, mchanga unachoma. Maji, adhuhuri, wali na samaki. Sifundishi mtu saa hizi, kichwa ndani ya helmeti kinachemka na masikio hayasikii.

Saa nane

Kwa fundi, Majengo. Kijana wa asubuhi ana miguu mirefu na ilinibidi kumtazama akikunja kifundo juu kila anapotafuta breki. Watu wanadhani pedeli ilivyotoka dukani ndivyo ilivyoumbwa. Ina nati ya kurekebisha. Fundi ameishusha mpaka soli ya kiatu, mguu ukiwa umetulia, iko juu kidogo tu ya pedeli. Kukanyaga ni kuinamisha vidole, si kuinua mguu mzima. Kazi ya dakika kumi kwa spana moja. Pia tumeukaza ule mpira wa kikanyagio uliokuwa unazunguka. Mpira ukizunguka, mguu unateleza siku ya mvua.

Saa tisa na nusu

Nimempeleka kijana ng'ambo ya daraja la Sabaki, kwenye vichochoro vya mchanga kuelekea Mambrui. Kwenda huko nimeendesha mimi, yeye nyuma. Anayefanya boda Malindi bila kujua mchanga amejifunza nusu ya kazi, maana abiria wako wengi wanakaa ndani, mbali na lami.

Mchanga unamtisha kila anayeanza. Gurudumu la mbele linacheza, na mtu anafanya mambo matatu yote kwa pamoja: anapunguza moto, anaminya breki ya mbele, anatoa miguu. Yote matatu yanamwangusha. Moto ukipungua, uzito unakwenda mbele na gurudumu linazama. Breki ya mbele, ambayo kwenye lami ndiyo yenye nguvu kuliko zote, mchangani inalifunga gurudumu na kulitelezesha. Na miguu ikitoka, uzito wako wote unakaa juu ya kiti, pikipiki inakuwa na kichwa kizito.

Nimemwambia asimame kidogo juu ya vikanyagio, makalio yaachane na kiti kiasi cha kiganja, magoti yabane tanki, mikono iwe legevu, moto uwe ule ule. Uzito ukishuka mpaka kwenye vikanyagio, pikipiki inayumba chini yako na wewe huyumbi nayo. Mara ya kwanza alikaza mikono, tukaokota pikipiki kichakani, hakuumia. Mara zilizofuata nilimsikia anavyoshikilia moto, sauti moja bila kukatika, mpaka kwenye minazi. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na punda alisimama kututazama, akasema, "Huyo sasa anajua." Nilifurahi kuliko kijana mwenyewe.

Saa kumi na mbili kasoro

Tumerudi mjini saa za msongamano. Hapa nimemfundisha kusimama tu. Unaposimama, breki ya nyuma inabaki chini ya mguu wa kulia na wa kushoto ndio unaoshuka, mmoja, pikipiki ikiwa imeshasimama kabisa. Na kabla hujaushusha, tazama unapouweka. Ukingo wa lami Malindi umejaa mchanga uliopeperushwa, na mguu ukiteleza pale na abiria yuko nyuma, mnalala wote wawili. Sogea nusu hatua, tafuta lami safi. Amesimama vizuri kila njia panda isipokuwa moja, alipoishusha miguu yote miwili kwa sababu tuktuk ilimkatia njia. Breki yake ilikuwa imebaki ya mkono peke yake.

Saa moja na nusu usiku

Mjomba wake amenipigia simu.

"Mwalimu, kijana vipi? Jumatatu ataanza?"

"Kaka, anajifunza vizuri, Mungu akipenda atakuwa dereva mzuri. Lakini Jumatatu hapana. Akishtushwa bado anatoa miguu. Akiwa peke yake ataokota pikipiki. Akiwa na mama na mtoto je?"

Kimya kidogo. Nimemkumbusha pia kwamba kupakia abiria kuna daraja lake la leseni, A3, na kijana ana ya mwanafunzi tu. Sheria inataka helmeti na jaketi ya kung'aa kwa dereva na kwa abiria, na abiria ni mmoja. Akaniuliza ni lini basi.

"Nipe wiki mbili, kila asubuhi. Siku nitakayomkatia njia mimi mwenyewe na mguu wake wa kulia ubaki kwenye breki, nitakupigia simu mimi."

"Haya. Nitamwambia mwenye pikipiki angoje, na akikataa tutatafuta nyingine."